Hakuna Safari Jumatano

Barua yangu iliyofunguliwa na watu wengi kuliko zote ilikuwa ya uongo. Niliiandika mchana kweupe, mlango wa duka ukiwa wazi na watu wakipita barabarani na mitungi yao ya maji kama siku nyingine yoyote.

Wakati huo nilikuwa na diploma yangu ya serikali, niliyoipata Butembo katika masomo ya biashara, na nilikuwa nikifanya kazi kwenye duka la Papa Valentin pale Kashebere, karibu na mpaka wa Masisi na Walikale. Papa Valentin alikuwa Mnande kama mimi. Aliuza mabati, chumvi, sabuni, na dawa za vituo vya afya. Kila Jumatano pikipiki zake zilifuatana kupanda msituni hadi Pinga zikiwa na mizigo, na zikirudi zilibeba mawese na ndizi za watu wa vijiji vya njiani. Aliyeendesha pikipiki ya mbele alikuwa kaka yangu Trésor.

Vita vilikuwa vimerudi mwaka ule. Havikuwa vimefika dukani kwetu, lakini tulivisikia. Siku nyingine mlio ulitoka upande wa Masisi, siku nyingine upande wa msitu, na mama waliokuwa wakichagua sabuni walinyamaza kidogo, wakasikiliza, halafu wakaendelea kuchagua.

Ukitoka Kashebere, mtandao wa simu unakufa nyuma ya kilima cha kwanza. Ndiyo maana Papa Valentin aliweka antena ya intaneti juu ya paa. Pinga nako kulikuwa na antena moja, ya parokia, na wateja wetu wa kule, wauguzi, wenye maduka na mapadri, walisomea barua pepe zao hapo. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia. Kila Ijumaa nilituma barua moja kueleza tuna nini na tunapanda lini.

Kabla yangu barua hizo ziliandikwa na mpwa wa Papa Valentin, kwa Kifaransa kilichovaa tai. Zilianza na heshima na utukufu, zikamalizika kwa salamu nyingine ndefu kama mwanzo, na katikati ndipo ungekuta chumvi imejificha. Hakuna aliyezifungua. Najua, kwa sababu programu tuliyotumia ilionyesha nani amefungua barua na mara ngapi, na pale palikuwa patupu kama kanisa siku ya Jumatatu.

Mimi niliandika kwa Kiswahili. Watu walinicheka. Walisema Kiswahili ni cha sokoni. Niliwajibu kwamba hata chumvi ni ya sokoni. Niliweka jambo moja katika kila barua, na jina la mteja mwanzoni, langu mwishoni, kwa kuwa nilisema jina la mtu huleta imani. Wauguzi niliwaandikia habari za dawa tu, wenye maduka habari za chumvi na sabuni. Mteja akijibu, nilimjibu siku hiyohiyo. Halafu nilifanya jaribio. Nusu ya wateja niliwapelekea barua yenye kichwa "Chumvi imefika", na nusu nyingine, barua ileile, kichwa kikiwa "Jumatano tunapanda Pinga". Ya pili iliishinda ya kwanza mbali sana. Watu walitaka siku. Ukiwapa siku wanajipanga. Wanakata ndizi, wanakamua mawese, wanakuja barabarani.

Pikipiki zikaanza kupanda zimejaa na kurudi zimejaa. Papa Valentin akaanza kuniita Mama Diploma mbele ya wageni, nami nilijifanya sipendi.

Hofu iliniingia siku Trésor aliporudi kutoka Pinga akiwa anacheka.

Alikuwa uani anaosha matope kwenye magurudumu. Nilimletea ndoo ya pili ya maji.

"Weye, dada, sasa uko vedeti, nyota kabisa, kule Pinga," alisema kwa Kiswahili chetu cha mtaani, ambamo watu ni bantu na ndiyo ni njo. "Papa Akilimali anakusoma kanisani."

Papa Akilimali alikuwa katekista wa Pinga, na ndiye aliyetunza mashine, yaani kompyuta, za parokia.

"Ananisoma namna gani?"

"Kwa komunike! Misa inaisha, bantu banakaa, yeye anasimama na karatasi. Fulani anaoa fulani. Mbuzi ya fulani imepotea. Kisha imeli yako: 'Jumatano, pikipiki za Papa Valentin, dawa na chumvi.' Bamama banaitika amina!"

Nilicheka. Nilijivunia hata. Mashine yangu ilikuwa inaniambia kwamba pale parokiani barua imefunguliwa mara moja, kumbe ilikuwa inasikilizwa na kanisa zima, na ufupi wangu ndio uliomrahisishia katekista kuisoma kwa sauti.

"Bote banasikia?" niliuliza.

"Bote. Hata bale ba msituni. Banasimama nyuma, bunduki zao kwa ukuta kama miavuli." Alimwaga maji kwenye mnyororo wa pikipiki. "Mumoja njo aliniuliza kama ni miye wa mbele. Nikamuambia, njo miye, unataka lifti?"

Alicheka tena. Mimi ndoo ilinikaa mkononi na sikujua niiweke wapi.

Mwezi uliotangulia, pikipiki za mfanyabiashara mwingine zilikuwa zimesimamishwa kwenye njia ileile. Mizigo haikuonekana tena. Maiti za madereva zilikutwa baadaye na watu waliokwenda kutafuta kuni.

"Trésor," nilisema, "alikuuliza kwa nini?"

"Bantu banauliza, dada. Unawaza sana. Njo shule ile ilikuharibu."

Asubuhi iliyofuata nilimfuata Papa Valentin akiwa anapanga katoni za sabuni. Nilimwomba tuondoe siku kwenye barua. Tuseme tu bidhaa zipo, na wenye haja watuulize.

"Utoe siku?" Aliniangalia kana kwamba nimemwambia tuuze duka. "Ni weye mwenyewe ulinionyesha, hapa, kwa mashine. Siku njo inaleta bantu."

"Inaleta bantu bote, Papa. Hata bale hatuwataki."

"Wale banajua siku zetu tangu zamani. Msitu iko na macho. Unazani banangojea imeli yako?" Alipiga katoni kwa kiganja. "Kaswera, uoga haiuzi sabuni."

Labda alisema kweli. Labda walijua bila mimi. Lakini nilirudi kwenye mashine yangu, nikatazama tena orodha ya waliofungua, na safari hii sikuitazama kwa furaha ya mtu anayehesabu wateja. Niliona anwani moja ambayo haikuwahi kununua kitu. Ilijiandikisha yenyewe kwenye orodha yetu, kama wengi walivyoingia kwa kusikia sifa. Jina lilikuwa Faustin, basi, bila jina la duka wala la kituo. Kila barua niliyotuma, huyo aliifungua punde tu. Kisha aliifungua tena. Siku ya Jumanne, kabla ya pikipiki kupanda, aliifungua mara nyingi zaidi, kama mtu anayesoma sala.

Nilijiambia ni mfanyabiashara mwenye wasiwasi. Wapo.

Barua ya Ijumaa ikaenda na siku yake, na jioni ileile aliniandikia. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na hicho ndicho kilichonitisha kwanza, kwa kuwa nilikitambua. Kilikuwa kifupi, cha moja kwa moja, kama changu.

"Dada Kaswera, napenda barua zako, zinaeleweka. Jumatano hii nisaidie jambo moja. Katika msururu, dawa ziko kwenye pikipiki ya ngapi?"

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa. Wateja huuliza bei. Huuliza kama chumvi ni kavu, kama mabati ni mazito, kama tunaweza kungoja hadi mwisho wa mwezi. Muuguzi wa Pinga aliwahi kuniuliza kama dawa zimekaa kwenye jua. Hakuna mgonjwa anayeponywa kwa kujua dawa zimepanda pikipiki ya ngapi.

Nilimwita Papa Valentin akaja kusoma. Alivaa miwani, akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Mujibu," alisema.

"Papa!"

"Si njo sheria yako? Muteja akiandika, ajibiwe siku ileile. Pengine ni mutu wa kituo cha afya, anataka kujua apokee wapi."

"Kituo gani? Hakuandika kituo."

"Basi mwambie ya katikati. Dawa ikuwe kwa ya mbele ao ya nyuma, anajua nini?" Alivua miwani. Nikaona kwamba na yeye ameogopa, na kwamba ameamua kutoogopa kwa kuwa shehena ya dawa ilikuwa imeshafika na ilibidi iende. Kituo cha afya cha Pinga kilikuwa kimeishiwa kabisa. Watoto walikuwa wakiugua. Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililonizuia kusema tusipande hata kidogo.

Sikumjibu Faustin siku ile. Nilikaa mbele ya mashine nikafikiri kama ninavyojua kufikiri, yaani kwa barua.

Ningeweza kubadilisha siku. Kuandika Ijumaa, na pikipiki zipande Jumatano. Nilikwishaanza kuiandika, nikaona sura za akina mama wa njiani. Nikiandika Ijumaa, Papa Akilimali atasoma Ijumaa, na siku ya Ijumaa mama wa vijiji vyote watatoka na ndizi zao na bidoni za mawese, watakaa kando ya njia wakingoja pikipiki zisizokuja. Na kwenye vichaka nyuma yao watakuwa wamekaa wengine, wakingoja pikipiki hizohizo, wakichoka, wakikasirika. Nilifuta. Nilifuta haraka, kana kwamba hata kuandika tu kungeweza kuwatoa watu nyumbani.

Basi ilibidi kusiwe na siku yoyote. Ilibidi kila mtu abaki kwake.

Niliandika kichwa: "Hakuna safari Jumatano." Na chini yake: "Mpendwa mteja, pikipiki zetu zimeharibika. Wiki hii hatupandi. Usikate ndizi, usitoke barabarani. Tutakuandikia." Nikaongeza jina langu kama kawaida. Nikabonyeza kitufe cha kutuma Jumamosi mchana, ili katekista awe nayo kwenye misa ya Jumapili.

Tangu nianze kazi ile sikuwahi kuandika uongo kwenye barua. Chumvi ikiwa na unyevu niliandika ina unyevu. Ndiyo sababu waliniamini, na ndiyo sababu uongo huu ungeaminiwa. Nilijua hilo wakati nabonyeza. Nilikuwa natumia kwa mara moja kila kitu nilichokuwa nimejijengea kwao.

Trésor nilimwambia peke yake, nyuma ya choo cha uani, kwa kunong'ona.

"Umefanya nini?" Hakucheka safari hii.

"Jumatano upande kama kawaida. Usiambie muntu. Usipige honi kwa vijiji."

"Na Papa?"

"Nitamuambia miye."

"Na kama habatakuamini, bale?"

"Bananiamini, kaka. Bote bananiamini."

Jumapili jioni, nilipofungua mashine, barua ile ilikuwa imefunguliwa kuliko zote nilizowahi kutuma. Na Faustin alikuwa ameifungua. Akaifungua tena. Kisha nikaona jibu lake.

"Ni kweli, dada?"

Maneno hayo tu. Nilitazama mlangoni. Kulikuwa na mwanamume anayefunga kamba ya kiatu chake upande wa pili wa barabara, na nilimtazama mpaka alipomaliza, akaenda zake, naye pengine hakuwa mtu yeyote. Nilifikiri: anajua niko wapi. Jina langu lipo chini ya kila barua. Jina la duka lipo juu yake. Mimi mwenyewe nilisema jina la mtu huleta imani.

Niliandika, "Ni kweli." Kidole kilinigoma juu ya kitufe. Nikakilazimisha.

Jumatatu hakujibu. Jumanne hakufungua kitu. Sikujua kama huo ulikuwa ukimya wa mtu aliyekwenda nyumbani au wa mtu aliyekwishatoka kwenda kungoja.

Jumatano asubuhi pikipiki zilikuwa zimepangwa mbele ya duka, dawa zimefungwa vizuri ndani ya plastiki. Papa Valentin alitoka na kikombe chake cha chai, akaangalia barabara, kushoto, kulia. Siku nyingine pangekuwa pamejaa watu wenye vifurushi vya kupeleka kwa ndugu zao. Hapakuwa na mtu, maana barua yangu ilikuwa imewafikia na wa Kashebere.

"Bantu beko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Badala yake niliinama nikakaza kamba ya mzigo iliyokuwa imeshakazwa.

"Kaswera. Bantu beko wapi?"

"Niliwaambia hakuna safari."

Aliweka kikombe juu ya tanki la pikipiki ya Trésor. Alizungumza taratibu, na mimi huogopa zaidi mtu anapozungumza taratibu. "Uliwaambia nini?"

Nikamweleza yote pale barabarani. Alisikiliza, uso ukibadilika rangi, halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliwageukia madereva.

"Mushushe mizigo. Tutapanda kesho. Weye, Mama Diploma, ingia ndani, andika: pikipiki zimepona, kesho tunapanda. Sasa hivi. Siwezi kupeleka pikipiki zirudi na hewa."

"Papa, ukiandika kesho, kesho njo siku ya kufa kwa kaka yangu."

"Usinisemee kifo mbele ya duka!"

"Basi andika weye! Weka jina lako chini yake, si langu!"

Nilikuwa napiga kelele. Sikuwahi kumpigia kelele mtu mzima aliyeniajiri, mtu wa rika la baba yangu. Madereva walitazama chini. Kisha nikasikia injini inanguruma, na kikombe cha chai kikadondoka kutoka kwenye tanki, na Trésor alikuwa tayari barabarani, hakumtazama Papa Valentin wala mimi. Mwingine akawasha. Wote wakawasha. Wakapita mbele yetu, wakapotea nyuma ya kilima kile ambacho mtandao unafia.

Papa Valentin aliokota kikombe. "Wakifa," alisema, "ni weye."

"Najua," nilisema.

Siku zile za kungoja sikutulia dukani. Kila pikipiki iliyosikika nilitoka mlangoni. Kila mtu aliyekuja mbio nilidhani analeta habari. Mama mmoja alikuja mbio kwa sababu mvua inakuja na ameacha mihogo imeanikwa, na mimi nilimshika mkono nikamwuliza, "Ni nani? Ni nani?" mpaka akaogopa. Sikufungua barua. Niliogopa kuona jina lile. Niliogopa pia kutoliona.

Walirudi Ijumaa, wote. Trésor alizima pikipiki, akakaa juu yake bila kushuka. Alikuwa na tope hadi kwenye nyusi.

"Kulikuwa na magogo," alisema. "Pale kwa kona, mbele ya muto. Yamekatwa mapya, yamewekwa tayari pembeni ya njia. Na majani ya ndizi ya kulalia. Na majivu." Alitazama mikono yake. "Niligusa majivu, dada. Yalikuwa ya baridi. Balikwenda."

Papa Valentin alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia akilitaja jina la Mama Maria. Alimkumbatia Trésor akiwa bado amekaa juu ya pikipiki.

Dawa zilikuwa zimefika Pinga, lakini pikipiki zilikuwa zimerudi na hewa, tupu, kama alivyosema.

Na wiki iliyofuata alikuja Mama Généreuse. Alitembea kutoka kijijini kwake njiani, mkulima mwenye sauti nene aliyekuwa akituuzia ndizi. Alisimama mlangoni akakataa kiti.

"Ni wapi huyu Kaswera wa komunike?"

"Ni miye, mama."

"Ulisema tusitoke. Nilikuwa nimeshakata ndizi, nikazirudisha nyumbani, zikaiva zote. Watoto wamekula mpaka wanaharisha! Halafu Jumatano niko kwa shamba nasikia nini? Vuu, vuu, vuu! Pikipiki za Papa Valentin!" Alinielekezea kidole. "Weye mutoto wa shule, mbona unatudanganya? Tulikuwa tunakuamini kuliko radio."

Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa mdomoni. Nikakumbuka kwamba atakachosikia Mama Généreuse kitasikika Pinga Jumapili, na nikajua kwamba siku Faustin atakaposikia kwamba nilidanganya makusudi ili pikipiki zipite, atakuja kunitafuta kwa jina.

"Ndizi zako tutazinunua safari ijayo, mama," nilisema. "Nyingi."

"Nitakuamini namna gani?"

Aliondoka akiongea, na barabara nzima ilimsikia.

Papa Valentin alingoja sauti yake iishe kabisa masikioni. Akavuta kiti karibu na mashine.

"Kaswera, sikiliza mutoto wangu. Ulimuokoa Trésor, sitasahau. Lakini biashara iko biashara. Bateja bote banasema sisi ni bawongo. Andika barua moja tu, fupi, vile unajua. 'Tunaomba radhi kwa habari ya uongo.' Basi, yanaisha."

"Na yule akiisoma?"

"Hatutasema sababu. Ni radhi tu."

"Nikiomba radhi, nimesema nilidanganya makusudi. Na nimesema sitafanya tena."

"Wote huomba radhi, Kaswera! Hata wazungu wa makampuni, kila siku banaandika radhi!"

Nilitazama uani, ambako kaka yangu alikuwa ameinama anakaza mnyororo, akipiga mluzi vibaya. Hofu haikuwa imeondoka. Nilijua nitalala nayo miezi mingi.

"Siandiki," nilisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sina cha kuombea radhi. Papa, unifukuze kama unataka. Siombi."